Mbeba Dumu: Uhakiki wa Jeshi Dogo la Mezani

Katika somo la uhakiki tunafundishwa kwamba fani na maudhui hutegemeana: namna jambo linavyosemwa ni sehemu ya jambo lenyewe. Katika insha hii nataka kuipima kauli hiyo kwa kazi ya sanaa ambayo haimo katika mitaala yetu, yaani jeshi la visanamu. Hawa ni askari wa plastiki au wa madini, wenye urefu wa sentimita tatu hivi. Mwenye jeshi huwaunganisha kwa gundi, huwabadilisha maumbo, huwapaka rangi mmoja mmoja, kisha huwapanga mezani wapigane na jeshi la mwenzake kwa rula, dadu na kitabu cha kanuni. Swali langu ni hili: je, mkono unaopaka rangi na kanuni inayoua vinasema jambo moja? Nadai kwamba havisemi jambo moja, na kwamba thamani ya sanaa hii imo katika ugomvi huo.

Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa Kiswahili ana shughuli gani na mchezo huu. Hapa Uganda jibu haliko mbali. Tangu enzi za King's African Rifles, Kiswahili kimejulikana kwetu kama lugha ya kambini, na mimi mwenyewe nimeulizwa nyumbani, si mara moja, kama ninasomea uaskari. Mtu anayeishi na swali hilo hawezi kumtazama askari, hata wa plastiki, bila kujiuliza ni nani aliyesimama pale.

Nianze na H. G. Wells, mwandishi wa Uingereza. Mwaka 1911 alichapisha Floor Games, kitabu kuhusu michezo ya sakafuni aliyocheza na wanawe wawili. Humo analalamika kwamba maduka ya vitu vya kuchezea yamejaa askari, ilhali yeye anatamani raia: muuza nyama, mwoka mikate, watu wa mitaani. Miaka miwili baadaye, mwaka 1913, akatoa Little Wars, kitabu ambacho wachezaji wengi hukihesabu kuwa chimbuko la mchezo wa leo. Kanuni zake ni nyepesi. Askari wa miguu husogea futi moja kwa zamu, mpanda farasi futi mbili. Mzinga hautumiki mpaka uwe na watu wanne wa upande wake ndani ya inchi sita. Vikosi vinapokutana ana kwa ana, watu hufa mmoja kwa mmoja.

Wako wapi muuza nyama na mwoka mikate? Hawamo. Wells aliyewataka raia mwaka 1911 aliandika kanuni za vita mwaka 1913 bila kuwapa kazi yoyote. Hata hivyo, mwishoni mwa kitabu anadai kwamba mchezo wake unahubiri amani: mtu akicheza mara tatu nne, ataona jinsi vita vya kweli vilivyo upuuzi. Dai hilo halikudumu. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Wells huyo huyo aliiunga mkono kwa makala zilizokusanywa chini ya jina The War That Will End War. Simlaumu kwa kubadili mawazo. Ninachosema ni kwamba mchezo wake ulifundisha kuhesabu, na mwenye kuzoea kuhesabu watu hapati shida sana idadi inapoongezeka. Askari wake walitoka dukani wakiwa wamekwisha kupakwa rangi, wengi wakiwa wa sura moja, na walitengenezwa kwa risasi. Lugha yetu hapa inamzidi maarifa: kwetu madini hayo na kile kinachotoka katika bunduki vina jina moja. Askari wa Wells alikuwa risasi kwa maana zote mbili.

Mchezo wa leo umebadilika mahali pamoja muhimu, nao ni mkono. Chukua Warhammer 40,000, uliotolewa mwaka 1987 na Games Workshop, kampuni yenye makao yake Nottingham. Kisanamu huja vipande vipande, bila rangi. Mwenye jeshi hukisafisha kwa kisu, hukigandisha, hukipaka rangi ya msingi, kisha rangi za nguo na ngozi. Baada ya hapo hutiririsha rangi nyepesi ya giza iingie katika mikunjo iwe kivuli, na mwisho hupitisha juu juu brashi iliyokaribia kukauka ili kingo tu zishike mwanga. Kuna pia wanaogeuza maumbo: hukata mkono wa huyu na kumpa yule, huchonga kovu, hufinyanga koti. Askari mmoja aweza kula jioni nzima. Hapa fani inafanya kazi ambayo Wells hakuifanya: inampa kila askari uso wake.

Lakini kanuni inauona uso huo? Katika toleo la mwaka 2020, mchezaji ambaye jeshi lake lote limepakwa rangi kwa kiwango kilichowekwa alipewa alama 10 kati ya 100. Kanuni ilijua kwamba rangi ipo, lakini haikuuliza rangi inasema nini. Soko nalo lina majibu ya haraka: kampuni hiyo hiyo huuza rangi maalumu ya damu, nyekundu na yenye kung'aa kana kwamba haijakauka. Naiona rangi hiyo kuwa udhaifu mkubwa wa sanaa hii. Damu ya kichupa humpamba anayeua, wala haimweleza aliyeuawa. Na wageuzaji wengi hugeuza kuelekea upande mmoja tu: bunduki kubwa zaidi, upanga mrefu zaidi, fuvu jingine kiunoni. Ustadi upo, ila maudhui hayakusogea hata inchi moja.

Ili nisiseme mambo ya kusikia tu, nilitengeneza jeshi langu. Visanamu vya kampuni ni ghali mno kwa mwanafunzi, hivyo nilinunua sokoni Owino, hapa Kampala, pakiti ya askari wa kijani wa plastiki, wale wa kuchezea watoto. Nilichanganya rangi za maji na gundi nyeupe kidogo ili zishike. Askari kumi na tisa niliwapaka wakiwa na silaha zao. Wa ishirini nilimkata bunduki kwa wembe, nikakunja mkono wake kwa sindano ya moto, nikachonga dumu kutoka kandambili kuukuu ya njano, nikambebesha. Akawa mtu aendaye kuteka maji.

Tulicheza kwa kanuni za Wells, mimi na mwanafunzi mwenzangu. Alipomwona akacheka: "Sasa ndugu yangu, huyu anafanya nini vitani?" Nikatafuta katika kanuni, sikuona. Zamu ya tatu mzinga wangu ulibaki na watu watatu. Nilipima kwa rula nikakuta mbeba dumu yuko ndani ya inchi sita. Nikamhesabu kuwa wa nne, mzinga ukafyatua. Zamu iliyofuata mwenzangu akaushambulia mzinga, na mbeba dumu akaondolewa mezani pamoja na wale watatu. Kanuni haikukosea. Mimi ndiye niliyemwingiza, tena kwa furaha, kwa sababu nilitaka kushinda.

Mtu anaweza kunipinga kwamba mchezo ni mchezo, na kwamba hata katika bao tunakula kete za mwenzetu bila kulia. Ni kweli, lakini kete haina uso, na ikiliwa hupandwa tena upande wa pili, ikaendelea kuishi. Aliyetumia jioni nzima kumpaka askari macho amekwisha kusema kwamba huyu ni mtu. Akisema hivyo, ahukumiwe kwa kauli yake.

Kwa hiyo tusilihakiki jeshi dogo kwa usafi wa mistari peke yake, wala tusilitupe lote kwa kuwa linahusu vita. Tuulize mgeuzaji amegeuza nini, na kuelekea wapi. Wells alijua mwaka 1911 nani anakosekana dukani, akaacha kumtafuta. Mbeba dumu wangu hana ustadi. Rangi ya uso imevuka hadi kwenye kofia. Hata hivyo ndiye pekee kati ya ishirini aliyemfanya mchezaji mwenzangu aulize swali, na ndiye pekee ambaye ninakumbuka alikufa zamu ya ngapi.