Mla Jana Kala Nini?

Msomaji kijana, wahenga walinena, "Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Aghalabu methali hii hutumiwa kumnyamazisha mtu ajisifuye kwa shibe iliyopita. Mimi nataka tuitumie kwa kazi nyingine. Nataka tuichukue kuwa swali la kweli, kisha tuielekeze kwenye insha za kusifu chakula cha utotoni, ambazo wanafunzi huziandika kwa wingi. Huyo aliyekula jana alikula nini hasa? Alikula pamoja na nani? Tena, ni nani aliyetayarisha chakula kile asipate kukila?

Nitahukumu insha moja tu, nayo ni yangu mwenyewe. Niliiandika nilipokuwa kidato cha pili, nikaiita "Mutura wa Nyumbani". Mwalimu wangu aliipa alama nyingi, akaisoma mbele ya darasa zima. Niliikuta tena mwaka huu katika sanduku la karatasi kuukuu nyumbani kwetu Naro Moru. Sasa kazi yangu ni kuwafunza walimu wa kesho jinsi ya kusahihisha insha, kwa hiyo niliisoma kalamu ikiwa mkononi. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili niliona haya.

Kwa faida ya msomaji asiyetoka pande za Mlima Kenya, sina budi kueleza mutura ni kitu gani. Mbuzi au ng'ombe akisha kuchinjwa, utumbo wake mpana huoshwa sana, hujazwa nyama iliyokatwa vipande vidogo, mafuta, damu na viungo, kisha ncha zake hufungwa. Huchemshwa, halafu huokwa polepole juu ya makaa mpaka ngozi ikauke na kushika harufu ya moshi. Ni soseji ya Wakikuyu, nayo ina ndugu wengi ulimwenguni: Waingereza, Wafaransa na Wahispania nao wana soseji zao za damu. Sababu ni moja kila mahali. Damu na matumbo huharibika mapema kuliko nyama nyingine, na mfugaji mwenye akili hapendi kutupa kitu.

Insha yangu ina wema wake. Ilitazama vizuri: baridi ya alfajiri, mlima ukiwa wazi kabla ya mawingu kuufunika, mafuta yakidondoka juu ya makaa na kuchachatika. Walakini, ilipofika kwenye ladha yenyewe ilikuwa bubu. Nimehesabu neno "tamu" mara tisa katika kurasa mbili. Msomaji haambiwi kama ni utamu wa chumvi, wa damu, wa moshi au wa mafuta. Mwandishi asemaye "tamu" mara tisa amemwomba msomaji amwamini mara tisa, wala hakumpa sababu ya kumwamini hata mara moja.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Niliandika kwamba mutura uuzwao jioni kando ya barabara iendayo Nanyuki si kitu mbele ya ule wa nyumbani. Hebu tupime kwa haki. Kwetu mbuzi alichinjwa siku ya Krismasi, au alipokuja mgeni wa heshima. Siku hiyo nilikaa karibu na moto tangu asubuhi, tumbo tupu, nikinusa kitu nisichoruhusiwa kukigusa. Mutura wa barabarani niliula nikiwa nimekwisha kushiba ugali, nikasimama dakika tatu mbele ya ubao wa muuzaji, nikaenda zangu. Je, nilikuwa nikilinganisha nyama mbili, au njaa mbili? Kungoja ni kiungo kikali kuliko pilipili, nami sikukitaja.

Kosa la tatu sikuligundua mwenyewe. Nilimsomea dada yangu mkubwa insha ile, nikitumaini atacheka na kukumbuka pamoja nami. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na mimi nilikuwa wapi?"

Nikamwambia, "Ulikuwapo, dada. Sote tulikuwapo."

Akasema, "Wewe unakumbuka moto. Mimi nakumbuka mto."

Ndipo nilipokumbuka. Mto Naro Moru hutoka juu mlimani, na maji yake ni baridi ya kukata. Yeye ndiye aliyepelekwa huko na beseni la matumbo, akayageuza ndani nje na kuyaosha mpaka vidole vikafa ganzi. Aliporudi, sisi wavulana na wanaume tulikuwa tumekwisha kuuzunguka moto. Alipata kipande cha ncha, kidogo kama kidole gumba. Insha yangu ilisema kwamba "jamaa yote ilikula kwa furaha". Sentensi hiyo ni fasaha, nayo si kweli.

Labda utasema kosa hili ni la mtoto mmoja na dada yake. La, linaenea mbali. Babu yangu alikuwa mpishi katika shamba la mlowezi mmoja hapa Naro Moru, katika miaka ya 1950. Uzeeni alipenda kusifu bekoni ya siku zile, yaani nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi na kufukizwa moshi. Alisema ya leo hutoa maji ikitiwa kikaangoni, lakini ile ya zamani ilitoa mafuta. Nilimsadiki. Sikupata kumwuliza swali jepesi: aliionjaje? Siku moja alinijibu bila ya kuulizwa. Alikula magozi yaliyobaki kwenye sahani zilizorudi jikoni.

Na bekoni iliyoliwa na walowezi wa Kenya ilitengenezwa wapi? Kiwanda chake mashuhuri kilikuwa Uplands, karibu na Limuru, kando ya reli. Mwaka 1947 ulikuwa mwaka wa migomo: Januari wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na mnamo Septemba wakagoma wafanyakazi wa kiwanda hicho cha Uplands. Polisi waliwapiga risasi, na watu watatu wakafa. Mtu aweza kuisifu bekoni ya zamani kwa kurasa kumi asiwataje watu hao, kwa kuwa ulimi hauwajui. Ulimi hukumbuka chumvi. Haukumbuki mshahara wa aliyeitia.

Je, basi tuache kuandika juu ya vyakula vya utotoni? Hasha. Hamu ile si uongo mtupu. Katika mutura wa nyumbani tulimjua mbuzi, tulimjua aliyemchinja, na nyama ililiwa siku ile ile. Nyama ya kiwandani hupita mikono mingi tusiyoiona, nayo huhifadhiwa kwa chumvi za naitraiti, ambazo huzuia vijidudu vya sumu na kuifanya nyama ibaki nyekundu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani, kwa kinywa cha idara yake ya utafiti wa saratani, lilitangaza kwamba nyama za kusindikwa, soseji na bekoni zikiwamo, zaweza kusababisha saratani. Lakini wazee nao walitia chumvi na kufukiza moshi, na mutura usioiva vema waweza kumlaza mtu kitandani. Haki yataka tuyaseme yote mawili.

Basi, msomaji wangu, utakapoandika insha ya namna hii, andika kwanza ladha kwa maneno yaonjekayo. Pili, pima njaa yako ya siku ile. Tatu, zunguka nyumba, utoke jikoni hadi mtoni, umtafute mtu ambaye hakuketi karibu na moto. Muulize anakumbuka nini, kisha umpe nafasi katika ukurasa wako. Usiogope kwamba atakuharibia utamu. Insha isiyoweza kustahimili swali la dada yako haitastahimili swali la msomaji asiyekujua.

Mimi nimeiandika upya insha yangu. Ni fupi kuliko ya kwanza, na neno "tamu" limo mara moja tu. Krismasi iliyopita tulichinja mbuzi tena, nami nilibeba beseni kwenda mtoni. Maji yalikuwa baridi kama dada alivyosema. Niliporudi alikuwa ameketi karibu na makaa, kisu mkononi, akanikatia kipande cha katikati. Nilikuwa sijapata kuula mutura kwa vidole vyenye ganzi. Nilionja moshi, chumvi na damu, na chini yake uchungu kidogo ambao tangu utotoni sikuwahi kuuonja. Nao, sasa najua, ulikuwamo siku zote.