Kusoma Umri wa Tawi

Mtunza bustani wa Gitega anayepunguza ua wa hibiskasi hana cha kuogopa. Hibiskasi huchanua kwenye vichipukizi vipya, hivyo hata akiikata vibaya leo, itachipua na kuchanua tena. Waridi nyingi za kisasa ni hivyo hivyo.

Lakini toka mjini upande vilimani, au elekea kaskazini-mashariki hadi Muyinga, karibu na mpaka wa Kobero, utakuta kichaka kisichosamehe kirahisi: mbuni. Tumezoea kuutaja kwa kahawa yake hata tukasahau kwamba nao ni mti wa maua, meupe, yenye harufu inayokaribia asumini. Hufunguka siku chache baada ya mvua nzuri kuuamsha mti, na hayakawii kunyauka.

Maua hayo yana mahali pake. Hukaa kwenye pingili za matawi ya pembeni, hasa sehemu iliyokua msimu uliopita, na pingili iliyokwisha kuzaa haitarajiwi kuzaa vizuri tena. Kwa hiyo kila mwaka mazao husogea kidogo kuelekea ncha ya tawi, na kidogo juu ya shina, mpaka mbuni uliosahauliwa unabaki shina tupu lenye majani kileleni, kama mwavuli. Mpogoaji stadi huutazama mti kabla hajagusa mkasi. Sehemu hii ya kijivu imezaa, haina chake tena. Hii ambayo bado ina ukijani ndiyo itakayobeba maua ya mvua zijazo. Ukimwona amesimama kimya mbele ya mbuni mmoja muda mrefu, usidhani anavivia kazi; kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Wakati wa kukata hauna mjadala mrefu. Mavuno ya Burundi huanza mwezi wa Machi na kuishia Juni au Julai, kisha kiangazi kinatanda hadi mvua za Septemba. Pengo hilo ndilo la mkasi. Ukitangulia unakata kahawa ya msimu huu, ukichelewa unakata ya msimu ujao.

Ukate kiasi gani? Hapo ndipo ufundi ulipo. Shina lililosimama likikatwa hutoa machipukizi mengine ya kusimama. Tawi la pembeni likiondolewa shinani, pale pale halioti jingine. Ndiyo maana fundi huondoa kwanza yaliyokauka, yanayogusa ardhi na yanayopishana katikati, ili mwanga na hewa vipite. Hewa hiyo ina faida hadi kikombeni: mdudu antestia, anayehusishwa na ile ladha ya kiazi kibichi inayoharibu baadhi ya kahawa za Burundi na Rwanda, hupenda kichaka kilichofungamana.

Siku inafika ambapo kupunguza hakutoshi, na mbuni mzima hukatwa ubaki kisiki cha sentimita 30 hivi. Mimi ningechagua msumeno kuliko panga, kwa sababu panga hupasua kisiki na mpasuko hualika uozo. Mkato uwe wa mshazari, maji yasituame juu yake. Kusema ni rahisi. Mwenye shamba dogo anajua kwamba mti huo hautampa mavuno ya maana kwa karibu miaka miwili, na karo za watoto hazingoji. Siwezi kumlaumu anayesita. Wengine hukata sehemu tu ya shamba kila mwaka. Wengine huacha shina moja liendelee kuilisha mizizi hadi machipukizi yashike nguvu. Tangu Wabelgiji walipowalazimisha wakulima kupanda kahawa miaka ya 1930, familia nyingi zimerithi mibuni iliyowazidi umri, na ni visiki hivyo tu vinavyoirudishia ujana bila kupanda upya.

Kisha mvua hunyesha na kisiki hutoa machipukizi mengi kupita kiasi. Fundi huchagua mawili au matatu, yaliyotoka upande wa nje, yaliyoachana vya kutosha yasije yakasongana yakinenepa. Mengine huyang'oa kwa mkono yangali laini. Baada ya muda yanachomoza mengine, naye anarudi kuyang'oa.