Fadhila na Mapenzi katika Hadithi za Upelelezi za Dorothy L. Sayers

Hadithi ya upelelezi na hadithi ya mapenzi hukaa nyumba moja kwa taabu. Ya kwanza hutaka akili tulivu isiyompendelea mtu. Ya pili hutaka moyo uliokwisha kupendelea. Mtungaji azichanganyaye huwa katika hatari ya kuziharibu zote mbili. Dorothy L. Sayers (1893–1957), mtungaji wa Kiingereza, alilijaribu jambo hili katika vitabu vinne: Strong Poison (1930), Have His Carcase (1932), Gaudy Night (1935) na Busman's Honeymoon (1937). Kitabu cha tatu, ambacho kisa chake hutukia katika chuo cha wanawake mjini Oxford, ndicho kibebacho uzito wa vyote, na kwacho mfuatano huu wastahili kusifiwa au kulaumiwa.

Kisa chaanzia mahakamani. Harriet Vane, mtungaji wa hadithi za upelelezi, ashtakiwa kumwua kwa sumu ya arseniki mwanamume aliyekuwa akikaa naye bila ya ndoa. Peter Wimsey, mwungwana wa jamaa tukufu na mpelelezi kwa kupenda kwake, aenda kumwona gerezani, na siku hiyo hiyo ya kwanza amposa. Amwokoa na kitanzi kwa kumfichua mwuaji wa kweli. Harriet akataa kuolewa naye, na huendelea kukataa kwa miaka mitano.

Msomaji mwenye haraka atadhani kuwa kukataa huku ni madaha, au ni hila ya mtungaji ya kurefusha hadithi. Sivyo. Harriet ana deni la uhai. Aliyekopeshwa fedha aweza kurudisha fedha. Aliyepewa uhai hana cha kurudisha ila nafsi yake. Akikubali posa, hawezi kujua kama amependa au amelipa. Kwa Mswahili jambo hili halihitaji maelezo marefu, kwani amekwisha kuona jinsi fadhila iwezavyo kugeuka simango. Wimsey hamsimangi Harriet hata mara moja. Lakini ukimya wake nao una uzito, maana kila asemapo neno la upole, deni huzidi.

Katika Gaudy Night Harriet arudi katika chuo alichosomea. Chuo hiki, Shrewsbury, ni cha kubuniwa. Sayers mwenyewe alisoma Somerville, akamaliza mwaka 1915, na akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupewa shahada za Oxford mlango huo ulipofunguliwa mwaka 1920. Yafaa kulikumbuka hilo, kwa sababu hofu iliyomo kitabuni ni hofu ya watu ambao heshima yao ni changa. Barua za matusi zisizo na jina zatapakaa, miswada yaharibiwa, majoho yachomwa moto, na msichana mmoja asukumwa na barua hizo hata ataka kujiua. Hapana maiti katika kitabu kizima, wala hapana aitaye polisi, maana aibu ikitoka nje, maadui wa elimu ya wanawake watafurahi.

Wanachuoni wale washukiana wao kwa wao. Shaka yao ina sura moja: kuwa yumkini mwanamke aliyeacha ndoa kwa ajili ya vitabu ameharibika akili. Mtungaji amwachia msomaji kuiamini dhana hiyo, kisha aipindua. Mkosaji ni Annie, mtumishi wa chuo, mjane. Mumewe alikuwa mwanachuoni aliyeficha waraka uliokanusha hoja zake. Bibi de Vine akamfichua, naye akaporomoka katika kazi yake na mwisho akajiua. Kwa Annie, mume ni mkubwa kuliko ukweli. Basi uovu ule haukuzaliwa na upungufu wa mapenzi. Umezaliwa na mapenzi yasiyotambua haki ya mtu mwingine yeyote.

Hapo ndipo upelelezi na mapenzi vinapokuwa jambo moja. Harriet ameonyeshwa penzi la kuogopwa. Sasa aweza kulitambua lisilo la kuogopwa. Wimsey hamkatazi hatari, bali amfundisha kujikinga nayo. Amwambia waziwazi kasoro ya riwaya aiandikayo, na maneno yakimchoma, hayaondoi. Mwisho amposa kwa maneno ya Kilatini ya sherehe ya kutoa shahada, akimwita kwa cheo chake cha elimu, naye ajibu kwa lugha hiyo hiyo. Deni lafutika kwa kuwa wawili hao wamesimama daraja moja.

Sifa hizi haziondoi dosari. Kilatini kisichofasiriwa na madokezo ya vitabu vya kale huchosha. Lakini lawama kubwa ni juu ya Annie. Awashutumu wanachuoni kuwa wamemwua mtu kwa ajili ya karatasi, huku yeye akisugua sakafu zao ili alishe watoto wake wawili. Neno hili ni zito, na kitabu hakilijibu. Chamhesabu mgonjwa na kumwondoa. Bibi de Vine peke yake akiri kuwa ilimpasa kuuliza jamaa za mtu yule wamekuwaje. Mtungaji, basi, aliliona swali, akalipa mistari michache, akapita. Usawa usifiwao kwa kurasa mia kadha ni wa wenye shahada. Afagiaye vyumba vyao hakupata sehemu yake.

Msomaji wa Kiswahili aliyeanzia kwenye Mzimu wa Watu wa Kale (1960) cha Muhammed Said Abdulla amemzoea Bwana Msa, afumbuaye mafumbo ya watu kwa akili, naye mwenyewe akabaki nje ya mafumbo hayo. Wimsey alianza hivyo katika Whose Body? (1923). Katika Busman's Honeymoon hawezi tena. Maiti yaonekana katika nyumba ya fungate yake. Amgundua mwuaji, na mwuaji ahukumiwa kunyongwa. Alfajiri ya kunyongwa, Wimsey alia mapajani mwa mkewe, kwani akili yake imeua mtu.

Kilio hicho ndicho kikamilishacho mfuatano huu. Aliyekuwa mfadhili amekuwa mhitaji, na Harriet ampokea bila ya kuhesabu. Sayers hakulimaliza swali la Annie, na kwa hilo vitabu vyake vina upungufu usiofichika. Lakini ameonyesha kuwa fadhila haiwezi kuwa mahari, na kwamba hadithi ya uhalifu yaweza kuchukua mapenzi ya watu wazima bila ya kuidhulumu akili yao.