Macho Yale Yale

Tulikuwa sita kwenye keja moja huko Njoro, laptopu juu ya ndoo, tukiitazama Split, filamu ya M. Night Shyamalan ya mwaka 2016. James McAvoy anamwigiza Kevin, mtu mmoja mwenye nafsi 23. Nafsi moja, Jade, ina kisukari na inahitaji insulini. Nyingine hazina. Tukacheka: "Hiyo ni uongo, manze!" Beshte yetu mmoja tu hakucheka.

Juzi nimeirudia, na naona tulicheka mahali pasipofaa. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Ujerumani, Hans Strasburger na Bruno Waldvogel, walichapisha kisa cha mwanamke waliyemwita B.T. Alipofuka baada ya ajali, akaishi gizani miaka mingi. Akiwa katika tiba ya mazungumzo, nafsi yake moja, mvulana, ikatambua maneno kwenye jalada la jarida. Nafsi nyingine zikafuata, moja baada ya nyingine. Walipopima mawimbi ya ubongo, nafsi inayoona ikiwa mbele ubongo uliitikia picha. Ikija nafsi pofu, kimya. Macho yale yale.

Kwa hivyo Shyamalan hakuanza na uongo. Shida ni pale alipotupeleka. Kila tofauti ya mwili wa Kevin ni ngazi ya kumfikia Mnyama, nafsi ya 24, anayetambaa ukutani na asiyeangushwa na risasi. Mateso ya Kevin mikononi mwa mama yake yanapita haraka, kisha tunarudishwa kuogopa. Kwa B.T. upofu haukuwa silaha. Watafiti wale waliuona kama kimbilio: kuna saa ambapo kuona kunauma kuliko kutoona.

Huku Nakuru, mtu akibadilika sauti tunasema kapandwa na pepo, tunamwita pasta. Hata DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013, unakubali kwamba katika jamii nyingine hali hii huonekana kama kupagawa. Jina halinisumbui sana. Kinachonisumbua ni kwamba pepo wetu na Mnyama wa Shyamalan wanafanya kazi moja: tunamwogopa mtu, hatumuulizi aliona nini.

Filamu ilipoisha, yule beshte aliuliza kitu kimoja tu: "Sasa Jade, nani atampelekea insulini?"

Hatukumjibu. Tulikuwa bado tunabishana kuhusu Mnyama.