Filmu ya Kirikou na maneno ya watazamaji

Filmu za michoro zinazofika kwetu zinatoka kwa wingi Marekani, na watoto wanazijua kuliko wazazi wao. Lakini moja haikutoka kule, na imetazamwa sana katika inchi zinazosema Kifaransa: ni «Kirikou et la sorcière» ya Mfaransa Michel Ocelot. Ilianza kuoneshwa Ufaransa mwezi wa kumi na mbili mwaka 1998, na mwaka 1999 ikapata zawadi kubwa ya Annecy, mji ambamo wenye kazi ya michoro wanakutana kila mwaka. Tangu siku zile watu hawakuacha kubishana juu yake. Wengine wanaisifu kupita kipimo, wengine hawataki hata iingie nyumbani mwao. Na kwa kuwa padri na mkatekista wanaulizwa mara nyingi kama filmu fulani inafaa kwa watoto, ni vema tupime maneno ya pande zote.

Kwanza hadithi yenyewe, kwa wale wasioiona. Kirikou anasema tangu tumboni mwa mama yake. Anajizaa mwenyewe, anajikata kitovu, kiisha anauliza baba yake yuko wapi. Mama anamjibu bila kulia: baba na karibu wanaume wote wa kijiji wameliwa na Karaba mlozi, na chemchemi imekauka. Mtoto hafiki hata goti la mtu mzima, lakini anatembea mbio na anauliza bila kuchoka. Wakubwa wanamwambia anyamaze. Swali lake moja halipati jibu kijijini: kwa sababu gani Karaba ni mwovu? Ndipo anachimba njia chini ya ardhi, anapita nyuma ya nyumba ya Karaba, anafika kwa babu yake mwenye hekima anayekaa ndani ya mlima uliokatazwa.

Jambo la kwanza linalosumbua watazamaji ni uchi. Wanawake wa kijiji wanatembea vifua wazi, na Kirikou hana hata kitambaa. Ocelot aliishi Conakry, katika Guinea, alipokuwa mtoto, na alitaka kuchora kijiji sawa alivyokiweka moyoni. Watu wa biashara ya filmu walimwomba awafunike wanawake vifua, akakataa. Ndiyo sababu moja iliyofanya filmu iingie kwa shida katika inchi za Waingereza na za Wamarekani. Mimi naona wenye kukasirika wamechanganya uchi na uchafu. Katika filmu nzima hakuna jicho moja linalotazama mwili kwa tamaa. Mama anateka maji, anatwanga, anambeba mtoto, basi. Kuna matangazo ya sabuni yenye watu waliovaa vizuri ambayo ni machafu kuliko hii.

Lakini nimesikia neno jingine kwa mama mmoja wa parokia, nalo ni zito zaidi. Yeye hakukataa vifua. Alikataa namna Mzungu atakavyovitazama, akiwaza kwamba Mwafrika anaishi vile hata leo: bila njia, bila masomo, bila saa ya ukutani. Wengi wanasema kama yeye: kijiji cha Kirikou hakina mwaka wala inchi. Ni kweli. Ocelot alitoa mwanzo wa hadithi katika masimulizi ya Afrika ya magharibi, mengine mengi akayatunga mwenyewe. Na michoro ilifanyika Ulaya, sehemu yake katika Latvia na Hungaria. Yeye hakutaka kuwadanganya Waafrika: sauti zilipokewa Dakar, kwa watu na watoto wa Senegali, na muziki ni wa Youssou N'Dour. Hadithi za kale nazo hazina mwaka. Hakuna mtu anayemwuliza sungura alizaliwa lini. Ila mtoto wa Paris ambaye Kirikou ni Mwafrika wake wa kwanza na wa mwisho hajui kwamba ni hadithi tu. Ubaya huo hauponywi kwa kumlaumu Ocelot. Unapungua watu wakiona na kazi za Waafrika wenyewe. Moustapha Alassane wa Niger alikuwa akichora filmu tangu miaka ya 1960. Na Mkongo mwenzetu Jean-Michel Kibushi alitoa «Le Crapaud chez ses beaux-parents» mwaka 1991, kiisha «Muana Mboka» mwaka 1999, juu ya mtoto wa barabarani. Ni wangapi kati yetu wameziona?

Tufike sasa penye uzito. Wakristu wengine, na zaidi watu wa makanisa ya maombi, wanasema filmu hii ni ya ulozi, basi isioneshwe. Wanataja mtoto anayesema tumboni, sanamu zinazotembea kwa amri ya Karaba, na lile busu la mwisho linalomgeuza mtoto kuwa mtu mzima. Ningependa kujua kama waliitazama mpaka mwisho. Kirikou anapofika kwa babu anamwomba hirizi ya kumkinga. Babu anamnyima. Anamfahamisha kwamba nguvu yake ni kule kukosa hirizi: Karaba na walozi wote wanajua kupigana na hirizi, lakini mbele ya mtu asiye na kitu, mwenye akili iliyo macho, hawajui la kufanya. Katika vitabu vyetu vya kufundishia sijaona fungu lililo wazi kuliko hilo juu ya dawa za kujikinga.

Babu anaongeza mambo ambayo kijiji hakikutaka kuyajua. Karaba hali watu. Wanaume aliwageuza kuwa vitu vya kumtumikia. Chemchemi hakuikausha yeye: mnyama mmoja aliingia mle angali mdogo, akanywa na kunenepa. Watu walipomsingizia Karaba, yeye aliwaacha waamini, kwani hofu yao ilimpa nguvu. Yaani makosa yake ya kweli yako, na makosa waliyomtwika yako pia, na hakuna mtu aliyejisumbua kuyatenga. Hapo wandugu wanaokaa parokiani wamekwisha kuelewa ninakwenda wapi. Katika Kinshasa na miji mingine, kwa miaka mingi, watoto wamefukuzwa nyumbani kwa neno hilo moja, ulozi: huyu kwa kuwa anaota sana, yule kwa kuwa ana akili kupita umri wake. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu mwenye kumsingizia mtoto ulozi. Katika Kivu Kusini, mwaka 2021, wanawake waliuawa na watu kwa mashitaki hayohayo. Mtoto sawa Kirikou, anayesema mapema na kuwauliza wazee maswali, angezaliwa katika mtaa fulani wa kwetu, nani angemwita shujaa? Ndiyo maana sikubali kwamba filmu iwekwe kabatini kwa sababu ina mlozi ndani yake. Mlozi yuko midomoni mwa watu kila siku. Hapa angalau mtu mmoja anauliza kwa nini.

Na jibu linakuja. Zamani wanaume walimkamata Karaba kwa nguvu, wakamchoma mwiba wa sumu mgongoni. Mwiba ule unamtesa usiku na mchana, na uwezo wake wa ulozi unatoka humo; hataki kutolewa, kwani anaogopa maumivu ya kutolewa kuliko maumivu ya kukaa nao. Watazamaji wengi wazima wameona katika mwiba huo mwanamke aliyebakwa. Naamini wameona vizuri, na katika inchi yetu hakuna haja ya kueleza zaidi. Mtoto wa miaka saba haoni hivyo. Anaona mwiba na maumivu, na hayo yanamtosha. Kirikou anachimbia mapambo ya Karaba ardhini, na Karaba anapoinama kuyafukua anauchomoa mwiba kwa meno. Kilio chake kinaogopesha watoto wadogo. Wazazi wanaolalamika juu ya hapo wana haki, na mwenye kuonesha filmu akae karibu nao.

Mwisho wenyewe sikuupenda. Kirikou anamwomba Karaba awe mke wake, busu moja, na mtoto wa siku chache amekuwa kijana mrefu. Watu wanacheka, wengine wanaona haya, na wote wawili wana sababu: sehemu iliyotangulia ilienda polepole na kwa haki, hii inakwenda sawa mtu anayekimbilia gari. Afadhali kinachofuata. Wanakijiji wanataka kumlipiza Karaba, na ngoma zinalia, wanaume waliopotea wanarudi. Lakini wale waliochoma mwiba ni nani? Filmu haiwataji kamwe. Katika watoto niliowasikia, karibu wote waliuliza swali hilo, na mmoja alitaka kujua kama walikuwamo kati ya wale wanaorudi na ngoma. Wakubwa hawakuliuliza.

Kuna sehemu nyingine mbili, ya mwaka 2005 na ya mwaka 2012. Zinasimulia visa vilivyotukia Karaba angali na mwiba, basi hakuna kinachobadilika ndani yake. Zinapendeza macho tu. Mwenye jenereta ya saa moja na robo aoneshe ile ya kwanza, aizimishe kidogo babu anapomaliza kusema, awaulize watoto wangefanya nini na Karaba, kiisha aiwashe tena.