Kuacha na Kuachia: Dhana ya Msamaha wa Kikristo katika Kikamba na Hoja ya Mbiti Kuhusu Wakati

Wengi waliomjadili John Mbiti wameshughulikia madai yake kuhusu wakati, wakasahau kuwa kitabu chake cha mwaka 1971, New Testament Eschatology in an African Background, ni kitabu kuhusu maneno pia. Mbiti, aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, alichunguza jinsi Wakamba walivyozipokea istilahi za Injili kutokana na mahubiri ya Africa Inland Mission, misheni iliyoanza kazi Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka 1895. Aliona kuwa mbingu na moto wa jehanamu vilisikika kama vitu vyenyewe, wala si ishara. Swali hilohilo lafaa kuulizwa mintarafu ya msamaha.

Neno la Kikamba ni ekea. Mzizi wake, eka, ni kuacha. Kauli ya kutendea humleta mtu anayeachiwa. Kwa hiyo kosa halisamehewi likaelea hewani: fulani huachiwa. Kiswahili, kwa kulichukua neno samehe kutoka Kiarabu, kimeikosa picha hiyo, ingawa Biblia ya Union ya mwaka 1952 inaiokoa kiasi inapotumia ondoleo, na inapolibakiza neno deni katika Sala ya Bwana kwa mujibu wa Mathayo. Kiyunani chakikaribia Kikamba zaidi: kitenzi aphiemi, kinachotumika kwa kusamehe, ndicho kinachotumika kwa wavuvi walioziacha nyavu zao. Wafasiri wa Kikamba walipata neno bora kuliko la jirani zao wa pwani.

Lakini neno bora laweza kuangukia penye ugumu. Ukambani kuna kithitu, chombo cha kuapia kinachoogopwa mno. Mzozo wa ardhi, kwa mfano, ukikosa ushahidi, wahusika huapa kwacho. Aliyeapa uongo huaminiwa kuwa atakufa, yeye au jamaa zake, na misiba ya baadaye nyumbani kwake hufasiriwa kwa kiapo hicho. Kujitoa humo si suala la moyo peke yake. Hudai ukweli usemwe, fidia itolewe na utakaso ufanywe. Basi Mkristo anayemwambia jirani kuwa amemwachia, ilhali kiapo kingalipo, amesema nini? Mwenye deni hajaachiwa. Watoto wake wangali wanahesabiwa.

Hapa hoja ya Mbiti yalegea. Katika African Religions and Philosophy (1969), akitumia jedwali la njeo za Kikamba na Kigikuyu, alidai kuwa wakati ujao wa Mwafrika hauzidi miaka miwili, na kuwa matukio yote huelekea Zamani. Ikiwa ni hivyo, msamaha ungekuwa kazi ya kumbukumbu tu. Kithitu chasema vingine. Chatazama mbele, na kinangoja bila haraka. Anayekiogopa hayahofii yaliyopita; anawahofia wanawe. Jedwali la njeo lisingeweza kulionyesha jambo hilo, maana njeo hueleza lini, na uzito wa ekea umo katika kauli: kwa nani. Yashangaza kidogo kwamba mwana wa Kitui, mwenye sikio kali namna ile, alizipa njeo mzigo wote huo.

Hata hivyo, njia ya Mbiti ya kuusoma Ukamba na Injili pamoja ingali na faida. Tuchukue mfano wa Mathayo 18, wa mtumwa aliyewiwa talanta 10,000. Mhubiri aghalabu hukimbilia dinari 100 za mtumwa mwenzake na ubaya wa yule wa kwanza. Msomaji aliyelelewa karibu na kithitu huenda akasimama mapema zaidi, pale bwana anapoamuru mdeni auzwe pamoja na mkewe na watoto. Hesabu hiyo aijua: deni ni la nyumba nzima. Na atatambua kitu kingine, kisichotajwa mara nyingi na wafafanuzi: msamaha unapobatilishwa mwishoni, anayekabidhiwa kwa watesaji ni mtumwa peke yake. Mke na watoto hawatajwi tena.