Usivunje Marumaru Kabla ya Kufungua Chemba

Choo kipya kikigoma, lawama ya kwanza huangukia sinki. Fundi huvuta maji mara mbili, hutikisa kichwa, kisha husema sinki ni feki au limefungwa vibaya, na nyundo huanza kutafutwa. Nimeyaona haya Shinyanga mjini, Kahama na Geita, na mara nyingi sinki halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa nje ya nyumba, chini ya udongo, mahali ambapo mwenye nyumba alishapasahau tangu siku ya kufukia.

Vyoo vya kuvuta maji vimeongezeka ukanda huu kwa sababu inayoeleweka. Kwa miaka mingi mji wa Shinyanga ulitegemea bwawa la Ning'hwa, na kiangazi kikikaza ndoo zilipanga foleni. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria, yanayochotwa Ihelele wilayani Misungwi chini ya mamlaka ya maji ya KASHWASA, ulizinduliwa mwaka 2009, maji yakafika Kahama na Shinyanga. Baadaye bomba likasonga hadi Nzega, Igunga na Tabora. Waliokuwa na choo cha shimo uani wakaanza kuingiza choo ndani ya nyumba. Lakini maji yakishaingia lazima yatoke, na kwa nyumba nyingi huku kutoka kwake ni juu ya mwenye nyumba mwenyewe: chemba, karo, na shimo la kunyonya maji. Huko ndiko kazi hufanywa kwa haraka zaidi, maana hakuna mgeni atakayekuja kukuona.

Kesi ninayoichambua ni ya nyumba moja ya Ngokolo, Shinyanga mjini. Choo cha kukaa kilifungwa kiangazi, kikafanya kazi vizuri miezi yote ya jua. Mvua zilipokolea, mambo yakabadilika. Ukivuta maji, yanapanda hadi karibu na ukingo wa sinki, yanasimama, kisha yanashuka taratibu. Bafuni tundu la sakafuni linatoa mlio wa mapovu. Jioni kuna harufu. Na kitangi cha choo hakinyamazi, maji yanachuruzika usiku kucha na bili inapanda. Fundi wa kwanza alimwambia mwenye nyumba, muuguzi mstaafu, "Mama, sinki hili tuling'oe tufunge jingine." Mama akamjibu, "Mwanangu, mbona kiangazi chote lilikuwa linavuta?"

Swali hilo ndilo lililookoa sakafu. Kitu kilichofanya kazi miezi kadhaa bila kuguswa hakiwezi ghafla kuwa kimefungwa vibaya. Kilichobadilika kilikuwa majira. Na dalili zile hazikuwa ugonjwa mmoja. Zilikuwa hitilafu tatu zilizokutana nyumba moja, na kila moja ilihitaji kipimo chake.

Tuanze na kitangi, kwa kuwa ndicho chepesi. Kitangi kinachochuruzika kina njia mbili tu za kupoteza maji: ama mpira wa chini haukai sawasawa, ama vali ya kuingiza maji haifungi, maji yakafika juu na kumwagikia ndani ya bomba la ziada. Kuzitofautisha hakuhitaji kifaa chochote. Funga koki, weka alama ya penseli usawa wa maji, subiri nusu saa. Maji yakishuka, tatizo ni mpira wa chini. Ukitaka uhakika zaidi, tia rangi ya chakula kwenye kitangi uone kama itatokea kwenye sinki bila mtu kuvuta. Ngokolo maji hayakushuka hata kidogo. Koki ilipofunguliwa yakapanda, yakapita mstari, yakaingia bomba la ziada. Kwa hiyo ni vali. Ilipofunguliwa kifuniko, ndani kulikuwa na vinyweleo vyeupe vya plastiki, mabaki ya msumeno uliokatia mabomba, vimekaa hasa mahali mpira mdogo unapotakiwa kuziba. Vikaoshwa, kitangi kikanyamaza. Kazi ile ingeepukwa siku ya kwanza kama fundi angeachia maji yapite kwenye bomba jipya kwa dakika chache, yamwagike ndooni, kabla ya kuliunganisha na kitangi.

Hapa niongeze jambo kwa wanaotumia tangi la maji lililoinuliwa uani. Kila mita moja ya kimo inatoa msukumo wa takriban baa 0.1 tu. Tangi lililo mita mbili juu ya choo linatoa baa 0.2, na zipo vali zilizotengenezwa kwa msukumo mkubwa zaidi ya huo. Zikifungwa hapo hujaza polepole mno au hazifungi vizuri. Uliza dukani vali ya msukumo mdogo. Usikubali kuuziwa kitangi kizima.

Kipimo cha pili kinahusu sinki lenyewe, nacho hutumia ndoo. Sinki la choo halivuti uchafu kwa sababu lina maji mengi. Huvuta kwa sababu maji yameingia kwa kasi, yakajaza mkunjo wa nyuma, yakaanza kujivuta yenyewe. Mkunjo huo Alexander Cumming, mtengeneza saa wa London mwenye asili ya Uskoti, aliuandikishia hataza mwaka 1775, na hadi leo kazi yake ni ile ile: kubakiza maji yanayozuia harufu isirudi ndani. Chukua ndoo yenye lita saba au nane, imwage yote kwa mkupuo ndani ya sinki. Ikienda kwa kishindo, sinki na bomba ni vizima. Tatizo ni kitangi kinachotoa maji kidogo au kwa uvivu. Ikipanda na kusimama, kitangi hakina hatia, kuna kizuizi mbele.

Ngokolo ndoo ilipanda na kusimama.

Sasa hapa ndipo mafundi wengi huanza kuvunja, na hapa ndipo panapotakiwa subira. Kizuizi kinaweza kuwa kwenye mkunjo wa sinki, kwenye bomba la inchi 4 chini ya sakafu, au mbali zaidi. Chemba ya kwanza nje ya ukuta ndiyo inayojibu. Ikiwa kavu wakati sinki limejaa, kizuizi kiko kati ya sinki na chemba, na hapo waya wa kuzibulia unatosha mara nyingi. Ikiwa imejaa, sinki limesafishwa jina kabisa. Ile ya Ngokolo ilikuwa imefukiwa chini ya matofali ya uani, ikabidi itafutwe kwa kugongagonga. Mfuniko ulipoinuliwa, maji yalikuwa yamejaa mpaka juu ya bomba.

Hatua iliyofuata ilikuwa karo. Kabla sijaendelea nisisitize: mfuniko wa karo hufunguliwa na mtu aliyesimama nje, bila kiberiti wala sigara, na hakuna sababu ya kuingia ndani hata kama kilichodondoka ni simu. Gesi iliyomo inaua haraka, na mara nyingi anayeshuka kuokoa hufuata njia ya aliyetangulia.

Karo lisilo na hitilafu huwa limejaa maji muda wote, jambo ambalo wenye nyumba wengi hawajaambiwa. Uchafu mzito hutua chini, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hutoka upande wa pili kiasi kile kile kinachoingia. Kwa hiyo kuliona karo limejaa si ushahidi wa kitu. Ushahidi ni usawa wa maji ukilinganisha na mabomba. Maji yakiwa usawa wa bomba la kutokea, karo liko sawa. Yakiwa yamepanda na kulifunika bomba la kuingilia, kinachofuata baada ya karo kimeziba. Ngokolo mabomba yote mawili yalikuwa chini ya maji, na karo lilikuwa jipya, halijapata tope la kulijaza. Shimo la kunyonya lilipofunguliwa lilikuwa limejaa hadi shingoni.

Shimo lenye kina kirefu, lililomeza kila kitu kiangazi, lilijaaje?

Jibu lake ni mbuga, ule udongo mweusi wa bondeni. Kiangazi hukauka na kupasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Mvua zikianza, unakunywa maji, unavimba, nyufa zinafunga, na baada ya hapo karibu haupitishi kitu. Shimo lililochimbwa Agosti linameza kupitia nyufa. Fundi anamwaga maji, yanapotea, anapokea fedha yake kwa haki. Januari nyufa hazipo tena. Maji ya choo, ya bafu, ya kufulia, na huko Ngokolo hata ya paa, yote yalikuwa yanaelekea kwenye chungu kisicho na tundu.

Wakulima wa Kisukuma wanaujua mpangilio huu tangu zamani na wana majina yake: luseni, mchanga wa juu karibu na vilima vya mawe, itogolo, wenye tabaka gumu chini, na mbuga huko bondeni. Miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanyia kazi Amani, Usambara, aliutumia utaratibu huu wa udongo kubadilika kutoka kilele hadi bonde katika Afrika Mashariki kujenga nadharia ambayo wanasayansi wa udongo duniani wanaitumia hadi sasa. Kwa mjenzi maana yake ni kwamba viwanja viwili vilivyo umbali mfupi, kimoja juu na kingine chini ya mteremko, haviwezi kuchimbiwa shimo la aina moja. Ramani ya nyumba inanakiliwa kwa jirani, na shimo linanakiliwa nayo. Kosa linaanzia hapo.

Kupima ni rahisi. Chimba kishimo cha sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 30, kwenye usawa ambao maji yatatokea. Kijaze, kiache kilale kikilowa, kesho yake kijaze tena uhesabu muda. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza unataka maji yashuke milimita moja kwa sekunde zisizopungua 12 na zisizozidi 100. Kwa lugha ya uani, sentimita 15 za katikati zikichukua zaidi ya saa nne kuzama, udongo huo haukufai. Mwongozo huo huo unakataza kupima wakati wa ukame, na kwa mbuga ya Shinyanga katazo hilo lina uzito wa pekee.

Ngokolo dawa haikuwa kuongeza kina. Kuta za shimo refu kwenye mbuga ni mbuga ile ile. Maji ya paa yaliondolewa kwanza, yakapelekwa mtaroni. Ya bafu na ya kufulia yakatenganishwa na karo, yakaelekezwa kwenye migomba. Kisha ukachimbwa mfereji mrefu wa kina kifupi upande wa juu wa kiwanja, ambako mchanga umechanganyika, ukajazwa kokoto na bomba lenye matundu. Kwa sababu upande huo uko juu kidogo, ilibidi bomba la kutokea liende karibu na uso wa ardhi, na mteremko ukapimwa kwa mpira wa maji hatua kwa hatua. Mabomba yalilazwa juu ya mchanga, maana mbuga inapovimba na kusinyaa huinua bomba hapa na kulishusha pale, na ule mteremko wa sentimita mbili na nusu kwa kila mita unaotakiwa kati ya choo na karo unapotea bila mtu kuugusa.

Harufu ilibaki hata baada ya maji kupata njia. Chanzo chake kilikuwa bomba la hewa: lilipanda ukutani vizuri, likaishia juu ya dari, chini ya bati. Likarefushwa kupita paa. Mlio wa bafuni ulikuwa umeshakoma maji yalipopata njia, kwa kuwa hewa haikusukumwa tena kurudi kupitia tundu la sakafuni.

Ukienda Geita, tatizo hugeuka. Huko kwenye miamba ya dhahabu, kuanzia Geita mjini hadi Nyarugusu, yapo maeneo ambayo shimo halijai kamwe, na watu hulisifu. Mimi linanitia hofu. Mwamba wenye nyufa unapitisha maji machafu kabla udongo haujayachuja, na kisima cha jirani kinaweza kuwa ndicho kinachoyapokea. Hapo ndipo kiwango cha chini cha zile sekunde 12 kinapokuwa na maana. Kuelekeza choo kwenye duara, yaani shimo lililoachwa na wachimbaji, ni hatari kubwa zaidi, kwa kuwa duara linaweza kufika kwenye maji ya ardhini moja kwa moja. Na katika nyumba za kupanga za wachimbaji, karo la familia moja hubebeshwa vyumba kumi. Hilo likifurika hakuna fundi wa kulaumiwa, ukubwa wake haukupangiwa watu wale.

Kwangu hukumu ya Ngokolo ni nyepesi: sinki lile lile bado linatumika, na marumaru hayakuguswa. Wewe unayejenga mwaka huu Shinyanga, Kahama au Kishapu, upime udongo wako mvua zikiwa zimekolea, uache mfuniko wa chemba uonekane, na malipo ya mwisho ya fundi yasubiri mpaka chemba ifunguliwe mbele yako, ndoo imwagwe ndani, nawe uyaone maji yakipita.